Swali la Kumi na Nne

Nyaboke tulimzika Jumatano iliyopita kwao Birongo, mvua ikitishia tangu asubuhi, na mimi nikapewa dakika mbili za kumzungumzia kama mtu aliyefanya naye kazi. Dakika mbili. Mwanasiasa mmoja ambaye hata jina la marehemu alilisoma kwenye karatasi alipewa karibu nusu saa. Nilishika kipaza sauti nikasema Nyaboke alikuwa mchapakazi, mcha Mungu, mtu wa utani, watu wakaitikia, nikarudi kuketi. Tangu siku hiyo najikasirikia. Mchapakazi ni sifa ambayo hata punda hupewa. Nilikuwa na jambo la kusema juu ya yule mwanamke, jambo alilonitunzia miaka yote hii bila kulitaja hata tulipogombana, na sikulisema kwa sababu haliwezi kusemwa mbele ya wakwe, na wakwe zangu walikuwa wamejaa basi zima kuja kuzika nami. Sasa nimestaafu, miguu huvimba nikikaa sana, lakini mkono bado unaandika. Nitaliandika hapa. Ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka ule tulipofanya utafiti, na mengine ya maisha yangu hayana haja.

Zahanati yetu ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka soko la Ikonge, juu ya kilima, chai mbele na chai nyuma. Ilikuwa na vyumba vinne: cha kuonea wagonjwa, cha sindano na vidonda, cha kina mama, na stoo. Stoo ndiyo niliyoipenda. Ilikuwa na dirisha dogo lisilofunga, maboksi ya dawa mpaka darini, na jiko la mafuta ya taa lililokatazwa na kila mkaguzi aliyepita na likatumika kila siku. Hapo ndipo mimi na Nyaboke tulipokuwa tukila mchana, tukikalia maboksi ya glavu. Ndizi za kuchemsha, parachichi, na siku njema ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Mimi Mkatoliki nilikunywa chai nzito. Yeye Msabato hakuionja hata siku moja. Watu wa kanisa lake waliipanda, wakaichuma, wakaibeba kwa vikapu hadi kituo cha kununulia majani, wakasomesha watoto kwayo, lakini kuinywa, hapana. Alijichemshia maziwa kwa mchaichai, akanitazama nikinywa yangu, kisha akasema, "Kunywa tu, dada. Mbinguni tutakuwekea kiti karibu na mlango." Nikifunga macho leo bado nasikia harufu ya ule mchaichai ikichanganyika na ya spiriti.

Mwaka huo alikuja mwanamke mmoja kutoka chuo kikuu, muuguzi kama sisi ila alikuwa amesoma akatupita, tukamwita Madam. Alitaka kujua jambo moja: kwa nini watu wenye presha, hasa wanaume, huanza dawa vizuri halafu hupotea kliniki, au huja na presha ile ile ya juu huku wakiapa kwamba dawa wanakunywa. Akasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: kwamba muuguzi wa zahanati ndiye anayewajua watu, kwa hiyo utafiti aufanye yeye, si vijana wa kuajiriwa kutoka mjini. Nilihisi nimerefuka. Kwa miaka mingi kazi yangu ya kuandika ilikuwa kuhesabu chanjo na kujaza daftari ambazo sikujua zinasomwa na nani, na sasa hapa kuna mtu anauliza mimi naonaje. Akaongeza kwamba ambaye fomu zake zitakuwa safi, atamwandikia barua ya kumpendekeza akasomee digrii. Tangu siku hiyo barua ile, ambayo hata haijaandikwa, ililala kitandani katikati yangu na mume wangu.

Tulifundishwa siku mbili Nyamira, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Uliza kama ilivyoandikwa. Usifundishe. Usikemee. Usitoe ushauri mpaka umalize swali la mwisho. Kwa muuguzi hiyo ni kama kutazama uji ukifurika na umekatazwa kugusa sufuria. Nyaboke alinong'ona, "Kwa hiyo mtu akiniambia anakunywa dawa na chang'aa, nijibu 'asante, swali linalofuata'?" Kisha Madam akatugawia nyumba kwa kufuata mto. Ng'ambo moja Nyaboke, ng'ambo ya pili mimi, kwa kuwa mimi nimeolewa huko na watu watanizoea upesi. Madam alitoka mbali, hatumlaumu. Alidhani mtu husema kweli zaidi kwa watu wake. Nyaboke aligeuka akaniangalia, akingoja niseme kitu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, na nikaandika majina ya wazee wangu kwa mwandiko mzuri.

Swali la kumi na nne lilikuwa hivi: "Tangu uanze kutumia dawa hizi, umepungukiwa na nguvu katika tendo la ndoa?" Ndiyo, hapana, sijui. Anayesoma haya akiwa kwingine atashangaa shida iko wapi. Shida ni kwamba ng'ambo ile, kila mwanamume wa rika la baba mkwe wangu ni baba mkwe wangu. Simpi mkono. Haoni kitanda changu na mimi sioni chake. Sisi tuna neno, ensoni. Ni aibu, lakini si aibu ya aliyekosa. Ni ile heshima ya kuoneana haya baina ya mzazi na mtoto, baina ya mkwe na mke wa mwanawe, na asiyekuwa nayo husemwa mpaka wajukuu wake wakasikia. Hata zahanatini tulikuwa na utaratibu wetu ambao hakuna aliyetufundisha: mzee wa upande wa mume wangu akija kupimwa, Nyaboke ndiye aliyemfunga kitambaa cha presha mkononi, mimi nikasimama pembeni nikaandika namba. Sasa nilitumwa nikae na mzee huyo huyo sebuleni kwake, nimtazame, nimuulize habari za chumbani.

Zile safari za Jumanne na Alhamisi zilikuwa tamu, na sitaki kudanganya kwa sababu ya yaliyofuata. Tulifunga kliniki ya asubuhi, tukavua sare, kila mmoja akashika njia yake na faili lake la plastiki. Niliingia nyumba ambazo kwa miaka nilizijua kwa nje tu. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya kila kiti, kalenda za miaka iliyopita, picha za mahafali, kuku aliyetagia chini ya meza. Hakuna nyumba niliyouliza swali la kwanza kabla sijala. "Mokamwana," wangeniita, yaani mke wa mwana wetu, "karatasi haitoroki, kula kwanza." Nikala. Kisha ikaja fomu ya idhini, na hapo kila mzee alikuwa na wasiwasi wa namna moja. Huku kwetu mtu akikuletea karatasi ya kutia sahihi, fikra ya kwanza ni shamba. Mzee mmoja aliigeuza ile fomu juu chini, akauliza kwa upole, "Hapa nikiandika jina, kesho sitaamka nikute mtu anapima na kamba?" Nikamhakikishia. Alitia sahihi taratibu, na mke wake akaja kusimama nyuma yake kama shahidi.

Halafu maswali yakaanza. Swali la kwanza mpaka la kumi na tatu lilikwenda kama maji. Anakula chumvi kiasi gani, anafanya kazi gani, dawa anachukulia wapi, nani humkumbusha kuzinywa. Nilipokaribia la kumi na nne, kwa mzee wa kwanza kabisa, masikio yaliniwaka moto. Nilitazama ukuta. Nilitazama picha ya harusi ya mtoto wao. Nikasikia sauti yangu ikiruka, "Na je, kuna mtu mwingine nyumbani mwenye presha?" ambalo ni la kumi na tano. Nilipofika barabarani nilisimama chini ya mti wa mkaratusi, nikatia alama kwenye "hapana". Nilijiambia: mzee mwenye heshima zake, watoto saba, ana shida gani? Kwa wa pili haikuniwia vigumu tena. Kwa wa tisa sikuwa hata nasimama barabarani, nilitia alama pale pale mbele yake huku nikimwuliza jambo jingine. Tisa walikuwa wakwe zangu, na wote tisa, kwa mkono wangu, hawakuwa na tatizo lolote.

Nyaboke ndiye aliyenikamata. Tulikuwa stoo, mvua ya mchana inapiga bati, tumetandaza fomu juu ya boksi ili tuhakikishe hakuna swali tupu kabla Madam hajazichukua. Alikuwa na glasi yake ya mchaichai mkononi. Akapekua zangu, akapekua zake, akarudia zangu. "Kemunto," akasema, "hebu niambie. Upande wangu wa mto wanaume wengi wanalia na hili la kumi na nne. Upande wako wote ni madume. Mnakunywa maji gani huko?"

"Labda hawakutaka kusema," nikajibu.

"Labda hukutaka kuuliza."

Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilimwambia yeye ni mtoto wa Birongo ambaye hajaolewa, hana wakwe, anaweza kusema lolote mbele ya yeyote kisha aende kwao akalale. Lilikuwa neno baya. Kuolewa kulikuwa kidonda kwake na nilijua. Aliweka glasi chini, akakusanya zile fomu tisa, akazifunga kwa raba kando ya nyingine. "Wazee wako wanakuja kupimwa kwangu," akasema. "Nawafunga kitambaa mimi. Namba zao nazijua. Mtu anayekunywa dawa, presha yake haipandi vile. Mwambie Madam, turudi, nikuulizie mimi."

Nikamsihi angoje. Nikamwambia mwisho wa mwezi Madam akishachukua fomu, akishaandika anachoandika, tutarudi kimya kimya kama wauguzi tu, si kama watafiti, na wazee watatibiwa na hakuna atakayeaibika. Sikutaja barua. Haikuwa lazima, aliijua. Alinitazama, akasema, "Mwisho wa mwezi ni wiki tatu, Kemunto." Nikasema wiki tatu si nyingi. Akaniachia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini aliniachia, na nadhani ni kwa sababu alinipenda, na pia kwa sababu alikuwa amechoka. Tulikuwa wawili kwa kazi ya watu watano, na ugomvi na mtu mnayekula naye chungu kimoja ni mzigo.

Wiki ya pili haijaisha nikaenda kwa Mzee Ombati. Huyu alikuwa ndugu mdogo wa baba mkwe wangu, mrefu, mpole, fundi wa kupogoa chai, na alikuwa mmoja wa wale tisa. Sikwenda kwa utafiti, nilipeleka wimbi la mbegu kwa mke wake, Mama Kerubo. Nilipokaribia jiko nikasikia wanawake wawili wakizungumza ndani, yeye na jirani. Mama Kerubo alikuwa anasema, "Anachukua tembe mbele yangu, anatia mdomoni, anakunywa maji. Kisha anatoka nje, anazitema, anazifukia kwenye mgomba. Ule wa kando ya choo. Nimeona kwa macho yangu." Jirani akauliza kwa nini. "Nitamuulizaje? Atajua nimemchungulia." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiojua la kufanya, kisha Mama Kerubo akasema kwa sauti ya chini, "Juzi aliona kizunguzungu, akashika ukuta. Naogopa."

Niliweka lile wimbi mlangoni, nikaita hodi kama mtu aliyefika sasa hivi, nikanywa uji wao. Fomu ya Mzee Ombati ilisema anakunywa dawa kila siku, hana tatizo lolote. Mwandiko ni wangu, mzuri, wa kusomeka. Nilikwenda moja kwa moja zahanatini nikamkuta Nyaboke anafunga kidonda cha mtoto, nikamngoja amalize. Nikamwambia yote. Hakusema "si nilikuambia". Alinawa mikono, akauliza jambo moja tu: "Huyu Ombati ni wa ukoo gani hasa?" Nilipomtajia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tugombane. Mama yake mzazi alizaliwa katika ukoo huo huo. Kwa hiyo Mzee Ombati, wa kizazi cha baba wa mama yake, kwake ni babu.

Hilo ni jambo kubwa kwetu. Baba na mtoto huoneana haya, lakini babu na mjukuu hawana haya. Babu humwita mjukuu wa kike mke wangu, mjukuu humtania babu mambo ambayo akimwambia baba yake atalaaniwa. Kwa hiyo Alhamisi Nyaboke akaenda kwa Mzee Ombati bila sare na bila faili, na parachichi kwenye mfuko, na mimi nikaenda nyuma yake nikapitia mlango wa jikoni. Ukuta kati ya jiko na mahali mzee alipokuwa akiota jua ulikuwa wa udongo na umepasuka. Mama Kerubo alikuwa anasonga ugali. Tulisikia kila kitu.

"Mume wangu," Nyaboke akaanza, "nimesikia umeoa mgomba."

"Nani amesema?"

"Mgomba wenyewe. Umekuja kliniki. Presha yake imeshuka mpaka hauwezi kuzaa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akashusha sauti, nikasogeza sikio kwenye ufa. "Mjukuu wangu," akasema, "tembe zako zilinizeesha."

"Si mimi nilikukuta ukiwa mzee?"

"Mzee wa mvi, sawa. Hizo zilinifanya mzee mpaka kitandani. Miezi mingi. Na bibi yako hasemi kitu. Ananiwekea maji ya kuoga, ananiwekea chakula, hasemi kitu. Heri angesema." Akapumua. "Nikaona afadhali nife na presha nikiwa mwanamume."

Mwiko wa Mama Kerubo ulisimama ndani ya sufuria. Hakunitazama, na mimi sikumtazama, kwa maana hata sisi wawili tulikuwa na haya yetu. Alisema "kumbe", kisha akaendelea kusonga, machozi yakimdondoka. Na mimi nililia. Niliona aibu, lakini safari hii ilikuwa ile ya aliyekosa. Nje Nyaboke alikuwa anamweleza babu yake kwamba dawa za presha ziko nyingi, kwamba ile moja inaweza kubadilishwa, kwamba hapaswi kuchagua kati ya kitanda na kaburi. Aliyasema kwa utani mwanzo mpaka mwisho, na mzee akakubali. Wiki iliyofuata Nyaboke akaandamana naye hospitali, Kisii mjini, daktari akambadilishia tembe. Haukupita mwezi mmoja presha ikawa imeteremka, na mzee alianza kuja kliniki amechana nywele.

Siku ile ile ya ukuta wa udongo nilimpigia Madam simu. Nilimwambia kila kitu, fomu tisa, mkaratusi, mto, na nikangoja anifukuze. Badala yake akaniuliza kama naweza kuandika haya niliyomwambia, kama nilivyomwambia. Akasema kosa la kwanza ni lake, kwa kugawa nyumba bila kutuuliza nani ni mkwe wa nani, na kwamba sababu iliyonizuia kuuliza ni sehemu ya jibu alilokuwa akilitafuta. Rudini, akasema, kwa wote tisa, Nyaboke aulize, zile fomu za kwanza zisitupwe, zihifadhiwe kando ya mpya. Barua niliipata, na digrii niliisomea. Lakini furaha ninayoikumbuka mimi si ya barua. Ni ile ya jioni nilipoweka simu chini, nikahisi nimetua gunia la chai lililolowa. Niliwapikia watoto wangu chapati siku ya kazi, mume wangu akauliza kuna sikukuu gani.

Tukaanza tena. Sasa tulikwenda pamoja, mimi nikabaki jikoni na wanawake, Nyaboke akakaa na wazee. Si wote waliokuwa babu zake, lakini alikwisha kupata mwendo. Wa pili alisema ndiyo. Wa tatu alisema hapana, akaapa. Wa nne alisema ndiyo kisha akamwomba asiniambie mimi, na Nyaboke akaniambia tu kwamba tumpeleke kwa daktari, bila kusema zaidi. Tulikuwa na furaha ya watu wanaorekebisha jambo. Njiani tulipita kwenye vijia vya chai iliyopogolewa, Nyaboke akiimba nyimbo za kanisa lake, mimi nikiitikia ninapoweza, na tuliwaza kwa sauti jinsi tutakavyosimama siku moja mbele ya watu wa chuo kikuu, sisi wawili wa stoo, tuwaeleze utafiti hufanywaje.

Wa tano alikuwa Mzee Makori, yule aliyeuliza habari ya kamba ya kupimia. Tulipopanda kile kilima tuliona turubai kabla hatujaona nyumba. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanamenya ndizi. Wanaume walikuwa upande wa juu wa boma wanachimba. Alianguka kwenye chai siku tatu kabla, kikapu kikiwa mgongoni, na hakuongea tena. Nyaboke alinishika kiwiko. Nilikuwa na faili langu la plastiki, na fomu yake ilikuwa juu kabisa, kwa kuwa ndiye tuliyekuwa tunamwendea.

Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni. Aliponiona alininyooshea mikono yote miwili, nikapiga magoti mbele yake. "Mokamwana, umekuja," akasema. "Unajua nimekuta nini? Tembe zake. Mkebe mzima wa kakao, umejaa, hajanywa hata moja. Kwa nini aliacha? Hakuniambia kwa nini." Alinishika mikono akaitikisa kidogo, kana kwamba mimi nilikuwa na jibu. Labda sababu ilikuwa ile. Labda haikuwa. Mtu aliyetumwa kumuuliza alikuwa mimi. Nilifungua mdomo nimwambie, Mungu ndiye shahidi wangu, na yeye akanitangulia. "Lakini nakushukuru. Wewe ulikuja hapa ukamuuliza hali yake, ukala chakula chetu, na hukumvunjia heshima hata kidogo. Alisema mwenyewe ulipoondoka. Alisema, yule msichana ana ensoni, mwanetu alioa vizuri."

Kisha akamwita binti yake alete chakula cha mokamwana. Kikaja, ugali wa wimbi na chinsaga, na maji ya kunawa, na watu wote wa mkeka wakanitazama kwa upendo. Nyaboke alinawa kwanza. Akamega tonge, akalichovya, akala, macho yake yakiwa chini, ili nami niweze kuanza. Nikanawa. Nikala mpaka sahani ikaisha, kwa kuwa kubakiza kungekuwa kumkosea heshima, na mjane alipouliza kama nimeshiba, nikamwambia, "Ndiyo, mama, nimeshiba."